Mtu mmoja juu ya nane? Gluteni, asilimia, na namna tunavyosoma hesabu



Mwezi uliopita, ndani ya kikundi cha WhatsApp cha promosheni yetu, mwenzetu mmoja alituma picha yenye maandishi makubwa mekundu: mtu mzima mmoja juu ya nane ana ugonjwa wa gluteni. Chini yake: acheni mkate, acheni mandazi, acheni makaroni. Dakika kumi hazikupita, kikundi kikagawanyika mara mbili. Wamoja wakaandika: "Kumbe njo ile inaniuwaka tumbo kila asubui!" Wengine wakacheka. Miye nilikuwa upande wa wale waliocheka. Niliandika: "Iyo ni magonjwa ya bazungu, siye tuko na malaria." Nikapata vicheko vingi, nikafurahi, nikaweka simu chini.

Dada mmoja wa promosheni hakuandika kitu ndani ya kikundi. Aliniandikia pembeni: "Kaka, miye nimekunywa dawa ya amibe mara ine mwaka huu. Kila mara banasema ni amibe ao ni typhoïde. Nikikula mkate tumbo inavimba sawa ngoma. Weye uko unacheka, lakini unajua nini juu ya ile ugonjwa?"

Ukweli ni kwamba sikujua kitu. Nilicheka hesabu ambayo sikuisoma, sawa vile yule mwingine alivyoiamini bila kuisoma. Wote wawili tuko na diploma. Kwa hiyo andiko hili ni kritiki ya ile hesabu, ya vitabu viwili vilivyosaidia hesabu za namna hiyo kuruka dunia nzima, na pia ya sisi wenyewe, watu tuliopita ku auditoire, ambao bado tukiona alama ya asilimia tunasahau kuuliza nani alihesabu.

1. Tuelewane kwanza juu ya kitu chenyewe

Gluteni ni protini iliyo ndani ya ngano, shayiri na rai. Ndiyo inayofanya unga wa ngano uvutike ukikandwa na mkate uumuke. Muhogo, mahindi, mchele, ndizi, viazi, maharagwe, mtama na ulezi havina gluteni. Kwa hiyo bugali na sombe, haimo. Wali na maharagwe, haimo. Mkate, mandazi, chapati, sambusa, biskuti, makaroni: imo. Bia inayopikwa kwa shayiri: imo.

Sasa, watu wanaposema "ugonjwa wa gluteni" wanatia ndani ya mfuko mmoja vitu vitatu tofauti.

Cha kwanza ni seliaki. Hapa kinga ya mwili yenyewe, ikikutana na gluteni, inageuka na kushambulia utumbo mwembamba. Vile vinyweleo vidogo vya ndani vinavyonyonya chakula vinalala chini, chakula kinapita bila kuufaidisha mwili. Mtu anaweza kuhara, kukonda, kukosa damu, mifupa yake kulegea. Mtoto anaweza kukataa kukua. Wengine hawasikii kitu tumboni kwa miaka, wanachoka tu. Hakuna kidonge cha kuiponyesha. Dawa ni kuacha gluteni maisha yote. Lakini kuitambua kunawezekana: wanapima damu kutafuta kingamwili fulani, kisha wanaingiza kamera, wanakata vipande vidogo vya utumbo na kuvitazama ku darubini. Hiyo ndiyo biopsia.

Cha pili ni aleji ya ngano. Hii ina njia nyingine: inakuja haraka, pamoja na kuwashwa, kuvimba, pengine pumzi kukatika.

Cha tatu wanakiita unyeti wa gluteni usio wa seliaki. Mtu anakula ngano, anaumwa. Wanapima seliaki, hakuna. Wanapima aleji, hakuna. Anabaki na maumivu yake. Hakuna kipimo cha labo kwa kitu hiki. Mlango wa kuingilia ndani ya kundi hili ni neno la mgonjwa mwenyewe. Na ni hapa hapa hesabu zinaanza kuyumba.

2. "Mmoja juu ya nane" inatoka wapi?

Nilipoanza kutafuta, nilifika Sheffield, ku Uingereza. Mwaka 2014 watafiti wa kule walitoa matokeo ya maulizo waliyofanya kwa watu wazima 1,002. Asilimia 13 walisema kwamba vyakula vyenye gluteni vinawaletea shida. Asilimia 13 ni karibu kabisa na mmoja juu ya nane. Basi, hesabu si ya uongo. Ilihesabiwa kweli.

Lakini tusome mistari miwili inayofuata ndani ya kazi ile ile. Kati ya watu wale wale, asilimia 3.7 walisema wanafuata rejimu ya bila gluteni. Na waliowahi kuambiwa na daktari kwamba wana seliaki ni asilimia 0.8. Weka kwa watu: katika elfu moja, 130 wanalalamika, 37 wameacha kula, 8 wana karatasi ya daktari.

Unaona sasa? Utafiti mmoja, watu wale wale, na tayari tuko na hesabu tatu. Ukitaka kutisha watu unachukua 13. Ukitaka kuwachekesha, kama mimi nilivyofanya, unachukua 0.8. Wale watafiti waliziandika zote tatu, na waliita ya kwanza kwa jina lake: waliojitangaza wenyewe. Ni yule aliyetengeneza picha nyekundu ndiye aliyeondoa neno "walisema" na kuweka neno "ana". Neno moja tu.

Na watafiti wale wale waliendelea. Walichukua wagonjwa 200 waliotumwa hospitalini kwa kulalamika juu ya gluteni, wakawapima. Asilimia 7 walikutwa na seliaki ya kweli. Wapendwa, tusipite haraka hapa. Asilimia 93 hawakuwa nayo, ndiyo. Lakini wale 7 juu ya 100 walikuwa wagonjwa kweli kweli, na walianza kwa kusema maneno yale yale ambayo dada yetu aliniandikia. Yule anayecheka kila mtu anayelalamika juu ya mkate, katika kila mia moja anawacheka wagonjwa saba.

3. Marekani: ugonjwa ulisimama, woga ulipanda

Kuna kazi nyingine ambayo ingefaa isomwe ndani ya kila kozi ya takwimu. Marekani wana uchunguzi mkubwa wa afya unaofanyika kila wakati: wanaenda kwa watu wa kila namna, wanawauliza, na pia wanachukua damu. Si maneno tu. Mwaka 2016 watafiti walitoa matokeo ya watu 22,278 waliopitia uchunguzi huo kuanzia 2009 mpaka 2014. Seliaki ilikuwa asilimia 0.70 mwanzoni, ikawa 0.77, ikamaliza kwa 0.58. Maana yake, haikupanda. Lakini watu walioacha gluteni bila kuwa na seliaki walikuwa asilimia 0.52 mwanzoni, wakawa 0.99, wakafika 1.69. Waliongezeka zaidi ya mara tatu.

Ugonjwa umesimama pale pale, wanaoukimbia wameongezeka. Huwezi kueleza jambo hilo kwa utumbo peke yake. Kuna kitu kingine kinatembea: vitabu, televisheni, matangazo, maduka.

Na kuna upande wa pili unaouma zaidi. Kazi ya 2012, iliyotumia miaka ya kwanza ya uchunguzi ule ule, ilikuta watu 35 wenye seliaki. Kati ya hao 35, watu 29 hawakujua kama wanayo. Wakati huohuo, wengi wa wale waliokuwa wakifuata rejimu ya bila gluteni hawakuwa na seliaki.

Yaani mgonjwa anakula mkate bila kujua, na asiye mgonjwa anaukimbia mkate. Wawili hao wanapishana ndani ya duka moja. Kwangu mimi, hiyo ndiyo habari yenyewe. Si "gluteni inaua wote", wala si "ni kiburi cha matajiri". Habari ni kwamba chakula cha kukatazwa kimeenda kwa mtu asiyekihitaji kukatazwa, na kipimo hakikumfikia mtu aliyekihitaji.

4. Vitabu viwili

Mwaka 2011 daktari wa moyo wa Marekani, William Davis, alitoa kitabu Wheat Belly. Hoja yake, kwa kifupi: ngano ya leo si ile ya babu zetu, wataalamu wa mbegu waliibadilisha katika karne ya 20, na ndiyo inayotunenepesha na kutuletea magonjwa mengi. Kitabu kiliuzwa sana. Ukikisoma unaelewa kwa nini: kimeandikwa na munganga, kina hadithi za wagonjwa waliopona, na kinampa msomaji adui mmoja tu. Sisi wote tunapenda adui mmoja. Ni rahisi kumkamata.

Lakini tukihoji kama wasomi, kuna shida mbili. Ya kwanza, dai la mbegu. Mwaka 2013 Donald Kasarda, mtafiti wa wizara ya kilimo ya Marekani aliyechunguza protini za ngano kwa miaka mingi, alichapisha kazi inayoonyesha kwamba hakuna ushahidi kuwa wazalishaji wa mbegu waliongeza gluteni ndani ya ngano ya Marekani katika karne ya 20. Ya pili ni ya mantiki. Mtu anayeacha ngano anaacha nini? Anaacha keki, pitsa, biskuti, mikate ya sukari, na mara nyingi bia pia. Akipungua kilo, nani alimsaidia: ni kukosa gluteni, ao ni kukosa sukari, mafuta na bia? Davis anampa gluteni na ngano sifa yote. Ni sawa na mtu aliyehama mji, akabadilisha kazi na kuacha pombe mwezi mmoja, kisha anasema amepona kwa sababu ya viatu vipya.

Kitabu cha pili kinagusa zaidi vijana, juu ni cha Novak Djokovic, yule mcheza tenisi wa Serbia: Serve to Win, cha mwaka 2013. Yeye mwenyewe anaeleza kwamba mwaka 2010 alikuwa anachoka na kukosa pumzi uwanjani. Igor Cetojevic, mtu aliyekuja kumsaidia, alimfanyia jaribio: anyooshe mkono mmoja huku mwingine akisukuma chini, kwanza bila kitu, kisha akiwa ameshika kipande cha mkate juu ya tumbo. Akiwa na mkate, mkono ulilegea. Baadaye damu ilipimwa, akaacha gluteni, na mwaka 2011 akabeba mashindano matatu kati ya yale manne makubwa ya tenisi.

Hadithi ni tamu, na wazazi wake walikuwa na pitseria, kwa hiyo inakuwa tamu zaidi. Simsingizii Djokovic kuwa anadanganya. Naamini alisikia vizuri zaidi mwilini. Swali langu liko ku jaribio. Alikuwa anajua kwamba anashika mkate. Anayesukuma mkono naye alikuwa anajua. Hakuna aliyefungwa macho. Jaribio ambamo wote wawili wanajua jibu halipimi tumbo, linapima kile wanachongojea. Na huyo ni mtu mmoja. Mtu mmoja aliyeshinda hatuambii kitu juu ya asilimia, hata kama ni bingwa wa dunia.

5. Kufunga macho

Basi wanasayansi walifanya nini? Walifunga watu macho, kwa maana ya kwamba mgonjwa hajui anachokula na anayempa naye hajui.

Ku Australia, kundi la Peter Gibson na Jessica Biesiekierski lilifanya jaribio la namna hiyo, likatoa matokeo 2011: wagonjwa 34 wenye tumbo la kusumbua, wasio na seliaki. Waliopewa gluteni waliumwa zaidi. Ushahidi! Watu wengi walishangilia, na jina "unyeti wa gluteni" likapata nguvu.

Lakini kundi lile lile halikutosheka. Walirudi na watu 37, na safari hii kwanza waliondoa ndani ya chakula sukari fulani ambazo utumbo haunyonyi vizuri na ambazo zinachacha na kuleta gesi. Matokeo ya 2013: zile sukari zilipoondolewa, watu walipata nafuu, gluteni iliporudishwa kwa siri, haikuleta tofauti ya maana. Walipinga matokeo yao wenyewe, hadharani. Ndugu zangu tunaoogopa kubadilisha hata hypothèse ya mémoire juu promoteur atakasirika, tuwaangalie hawa.

Mwaka 2018 wa Norway nao walifanya yao kwa watu 59 walioacha gluteni wenyewe bila seliaki. Kila mmoja alipitia vipindi vitatu: kipande cha nafaka chenye gluteni, chenye fruktani, na kisicho na kimoja wala kingine. Fruktani ni moja ya zile sukari. Imo ndani ya ngano, na imo pia ndani ya vitunguu na vitunguu saumu. Fruktani ndiyo iliyosumbua zaidi. Gluteni haikutofautiana na kile kipande cha bure.

Na mwaka 2017 ilitoka kazi iliyokusanya majaribio ya namna hiyo pamoja. Kati ya watu walioshukiwa kuwa na unyeti wa gluteni, asilimia 16 tu ndio dalili zao zilifuata gluteni kweli. Na asilimia 40 waliumwa hata walipopewa kisicho na gluteni. Mtu anangojea kuumwa, na anaumwa. Tusimwite mwongo. Maumivu ni ya kweli, gesi ni ya kweli, choo ni cha kweli. Kosa liko ku jina la mwizi.

Hapa naomba tujihadhari na jambo moja. Nilijaribiwa kuchukua ile 13 ya Sheffield, kuizidisha kwa 16 juu ya 100, na kutangaza kwamba "kumbe ni asilimia 2". Haifai. Wale wa Sheffield ni watu wa kawaida walioulizwa. Wale wa majaribio ni wagonjwa waliofika kwa madaktari. Ni vikundi viwili, na ukizidisha asilimia za vikundi viwili unazaa mtoto asiye na baba.

6. Daktari aliyeanza na hadithi pia

Mtu atasema: "Lakini kila sayansi inaanza na hadithi ya mtu." Ni kweli, na mfano bora uko ndani ya seliaki yenyewe.

Willem Dicke alikuwa daktari wa watoto ku Den Haag, Uholanzi. Tangu miaka ya 1930 alikuwa anashuku kwamba mkate unadhuru watoto wenye seliaki. Kisha ikaja baridi ya njaa ya 1944 na 1945, vita ikiwa bado: mkate ukakosekana, na watu wakala walichopata. Wakati watoto wengine wanadhoofika, wale wa seliaki hawakuzidiwa, walipata nafuu. Mkate uliporudi, ugonjwa nao ukarudi.

Dicke angeweza kuishia hapo na kuandika kitabu cha kuuza. Hakufanya hivyo. Aliwapa watoto ngano, akaiondoa, akairudisha, na kila mara alifuata uzito wao. Tasnifu yake ilitoka Utrecht mwaka 1950. Kisha, pamoja na wenzake Weijers na van de Kamer, walipima hata mafuta yanayotoka ndani ya choo cha watoto, kuona ni chakula gani kinazuia mwili kunyonya. Kazi chafu, ya harufu mbaya, na iliyookoa watoto wengi. Njaa ilitia nguvu wazo la Dicke; jibu lilitoka ndani ya choo na ku mizani.

Tofauti kati ya Dicke na kile kipande cha mkate cha Djokovic ni hiyo. Wote wawili walianza na kuona kitu. Mmoja aliona, akapima. Mwingine aliona, akaamini.

7. Na sisi?

Kuna hesabu ya dunia nzima, ilitoka 2018, iliyojumlisha tafiti nyingi: kwa kipimo cha damu seliaki ni asilimia 1.4, kwa biopsia ni 0.7. Afrika ndani yake wameiandikia asilimia 1.1 kwa damu na 0.5 kwa biopsia. Mtu anaweza kuikamata hiyo 0.5 na kusema "basi ku Kongo ni hivyo". Hapana. Tafiti za "Afrika" hapo ni zaidi za Kaskazini, kule ambako ngano ndiyo chakula cha kila siku tangu zamani. Tena Afrika Kaskazini kuna jambo la pekee: mwaka 1999 watafiti walipima watoto 990 wa Sahrawi, wale wa Sahara Magharibi, wakakuta seliaki kwa asilimia 5.6. Ni kiasi kikubwa kupita Ulaya. Kwa hiyo ile sentensi yangu ya "magonjwa ya bazungu" ilikuwa imekufa tangu 1999, na miye nilikuwa bado ninaitembeza 2020 na kitu.

Kwetu chakula kikubwa hakina gluteni. Mtu wa kijijini anayekula bugali ya muhogo, maharagwe na ndizi anaweza kupitisha siku nyingi bila kukutana nayo. Mtu wa mjini ni tofauti: asubuhi chai na mkate, saa ine mandazi, jioni makaroni. Ugonjwa huu unahitaji vitu viwili: urithi fulani wa damu, na gluteni mezani. Ule urithi uko kwa karibu watu 30 mpaka 40 juu ya 100 ku Ulaya, na wengi wao hawaugui kamwe. Sisi meza yetu inabadilika haraka mjini. Ndiyo sababu swali la dada yetu lina uzito, hata kama jibu lake linaweza kuwa "hapana".

Na kuna fedha. Ku Kanada mwaka 2008 watafiti walilinganisha bei: vyakula vya "bila gluteni" vilikuwa ghali kwa asilimia 242 zaidi, ndiyo kusema zaidi ya mara tatu ya vile vya kawaida. Kwa mgonjwa wa seliaki hiyo ni adhabu, na ndiyo maana Italia inawasaidia wagonjwa waliothibitishwa kulipia vyakula hivyo. Kwa asiye mgonjwa ni starehe. Ku Ulaya unga wa muhogo unauzwa ndani ya mfuko mzuri wenye maandishi "bila gluteni". Nikifikiria mama zetu wanaoubeba mgongoni, sijui kama nicheke ao nilie. Lakini hata hapo tusijidanganye: unga wa muhogo uliosagwa ku mashini ile ile inayosaga ngano si salama kwa mgonjwa wa seliaki. Kiwango cha kimataifa ni gluteni isiyozidi miligramu 20 ndani ya kilo moja ya chakula. Ni kidogo sana. Vumbi la kinu linaweza kukipita.

8. Yale ninayotuomba

Kwanza, sisi tunaoandika TFC na mémoire. Tunapenda maulizo, juu ni rahisi: unachapa karatasi, unagawa, unahesabu. Hakuna ubaya. Lakini tuandike tulichokipata. Ukiuliza "je, una typhoïde?" na watu 60 wakasema ndiyo, hujapata wagonjwa 60 wa typhoïde. Umepata watu 60 wanaosema. Najua ninachosema: ndani ya mémoire yangu mwenyewe niliandika neno "prévalence" juu ya majibu ya midomo tu, na jury ilinipigia makofi. Mpaka leo nikiiona ile karatasi ninaona haya.

Pili, mbele ya kila asilimia tuulize maswali matatu: ni nani walioulizwa, walipimwa na nini, na ni wangapi. Ile "mmoja juu ya nane" ingejibu: watu wa Uingereza, kwa mdomo, 1,002. Ni hesabu nzuri ukiiacha nyumbani kwake.

Tatu, na hili ni la haraka zaidi, kama wewe tumbo lako linakusumbua ukila ngano, usianze kwa kuacha mkate. Najua inashangaza. Kipimo cha damu kinatafuta kingamwili ambazo mwili unazitengeneza unapokula gluteni. Ukiacha kula miezi kadhaa, zinapungua, utumbo unaanza kupona, na labo itakuambia huna kitu hata kama unacho. Wale wanaofuata picha nyekundu wanajifungia wenyewe mlango wa kujua. Kula kama kawaida, nenda kwa munganga, mwambie wazi: "Naomba tufikirie seliaki pia." Hasa kama kuna upungufu wa damu usioisha, kukonda, ao mtu wa familia mwenye ugonjwa huo. Kama haipo, mshukuru Mungu, kisha angalieni pamoja vitunguu, maziwa, na zile amibe, ambazo nazo zipo kweli.

Nne, tusicheke. Mimi ndiye niliyeanza, kwa hiyo mimi ndiye wa kwanza kusema. Niliomba dada yetu msamaha. Nikamwambia aendelee kula mkate mpaka apimwe. Akanijibu: "Kaka, juzi ulinicheka, leo unanitumia mikate. Siku gani utanielewa?" Lakini alikula, na alipata mahali pa kutoa damu. Majibu yake ni yake, siyaandiki hapa.

Ndani ya kikundi nilirudi na kuandika tena, chini ya ile picha: si "ana", ni "walisema". Safari hii hakuna aliyecheka, na ni watu watatu tu waliojibu. Mmoja aliuliza kama bia ya kwetu ina shayiri. Ni swali zuri kuliko yote niliyoyaona mwezi ule. Angalieni ku karatasi ya chupa, halafu mtuambie hapa chini.